Vinyeti ya Austria: ipi ununue ukitoka Ujerumani kwenda Italia kwa gari

Ujerumani haitozi gari dogo hata senti moja kwa kupita kwenye barabara zake za kasi. Serikali ilijaribu kuanzisha tozo hiyo, Austria ikaenda kushtaki, na Juni 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaikataa, kwa kuwa Wajerumani wangefidiwa kwenye kodi ya gari na mzigo ungebaki kwa wageni. Kwa hiyo ndugu zetu wengi wanaoishi Munich au Nuremberg huendesha miaka nenda rudi bila kuwaza habari ya tozo, mpaka siku wanapokata shauri kwenda kuwasalimu jamaa Verona au Bologna. Njia ya mkato inapita Austria, na Austria inatoza.

Aliyezoea daraja la Kigamboni au Nairobi Expressway hutegemea kukuta kibanda, geti na mtu wa kupokea hela. Mpakani Kufstein hakuna kitu kama hicho. Unapita kama vile hujatoka nchi moja kuingia nyingine, kamera zinasoma namba ya gari, na barua inamfuata mwenye gari hadi nyumbani. Tozo yenyewe unatakiwa uwe umeshailipa kabla, kwa kununua vinyeti, yaani kibali cha kutumia barabara za kasi kwa muda fulani. Utaratibu huo ulianza mwaka 1997 na unahusu magari yasiyozidi tani 3.5. Ukikutwa huna, unadaiwa si chini ya euro 120 papo hapo, na usipolipa inageuka kesi yenye faini ya euro 300 hadi 3,000. Ukilinganisha na bei ya vinyeti yenyewe, hakuna sababu hata moja ya kubahatisha.

Bei za gari dogo kwa mwaka 2026 ni hizi: siku 1 euro 9.60, siku 10 euro 12.80, miezi 2 euro 32.00, mwaka mzima euro 106.80. Hapa chini nimezipanga kwa kumfikiria msafiri wa kawaida, mwenye familia na mizigo, anayekwenda na kurudi.

Nafasi ya kwanza: siku 10, ya kidijitali, kutoka ASFINAG

ASFINAG ndiyo kampuni ya serikali inayosimamia barabara za kasi za Austria, na ina duka lake la mtandaoni pamoja na programu ya simu. Nunua hapo. Vinyeti ya siku 10 inaanza kazi tarehe unayoichagua mwenyewe, hata leo hii, na hubandiki chochote kwenye kioo. Safari ya wikendi ndefu, harusi, au juma moja la likizo ya shule, zote zinaenea humo, kwenda na kurudi.

Kuna tovuti nyingi zinazouza vinyeti hiyo hiyo kwa kuongeza ada ya huduma. Ukiandika jina la vinyeti kwenye intaneti, mara nyingi hizo ndizo hujitokeza juu kabisa kwa sababu zimelipia tangazo. Rangi ni zile zile, bendera ya Austria ipo, kila kitu kinafanana. Angalia bei ya mwisho kabla ya kulipa: ikizidi euro 12.80, toka humo.

Sehemu inayotaka utulivu ni kuandika namba ya gari, maana kinachokaguliwa ni namba hiyo, jina lako halisaidii kitu. Chukua gari lililosajiliwa Fürth: kibao chake kinaanza na FÜ, na hiyo Ü ina nukta mbili juu. Ukiandika U ya kawaida kwa sababu simu yako imewekwa Kiswahili au Kiingereza, umelipia gari lingine. Bonyeza U na uishikilie mpaka herufi zenye alama zitokee, kisha uchague. Tofautisha O na sifuri, I na moja. Chagua pia nchi ilikosajiliwa gari, usiache Austria iliyowekwa tayari. Halafu simama mbele ya gari, uisome namba herufi kwa herufi ukiwa umeshika risiti. Usisome kwa kukumbuka.

Nafasi ya pili: siku 1

Hii ilianza 2024 na ipo ya kidijitali tu. Inamfaa anayepita mara moja bila kurudi, kwa mfano anayehamia Italia, au anayekwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Shida yake ni kwamba siku moja maana yake ni tarehe moja, inaisha saa sita usiku, haihesabiwi kwa saa 24. Wengi wetu hupenda kuondoka Ijumaa jioni baada ya kazi, watoto walale njiani. Ukiingia Austria saa nne usiku ukakwama kwenye foleni, saa sita inakukuta bado uko barabarani bila kibali. Na ukinunua mbili, ya kwenda na ya kurudi, umeshalipa euro 19.20, wakati ya siku 10 ni 12.80.

Nafasi ya tatu: mwaka au miezi 2

Ya mwaka inaanza kulipa ukisafiri safari tisa za siku 10 au zaidi. Inatumika tangu Desemba 1 ya mwaka uliotangulia hadi Januari 31 ya mwaka unaofuata, jumla miezi 14, kwa hiyo inunue mapema. Kuinunua Agosti ni kutupa hela. Ya miezi 2 ina faida kwa mwenye safari tatu ndani ya muda huo.

Jihadhari na tarehe ya kuanza. Sheria inampa mnunuzi wa mtandaoni haki ya kurudisha alichonunua, na kwa sababu hiyo ya mwaka na ya miezi 2 zikinunuliwa na mtu binafsi kwenye intaneti zimekuwa zikianza kazi siku ya 18 tangu kununuliwa. Ukiihitaji leo, inunue kwenye kaunta ya kituo cha mafuta au kwenye ofisi za chama cha wenye magari.

Nafasi ya mwisho: stika ya kubandika

Bado inauzwa, lakini 2026 ndio mwaka wake wa mwisho. Kuanzia 2027 ni kidijitali peke yake. Stika hubandikwa moja kwa moja kwenye kioo cha mbele, kwa ndani. Ukiishikiza kwa selotepu ili uje kuihamishia gari lingine, inahesabika huna. Kwa gari la kukodi wengine huiona stika kuwa rahisi kwa sababu hawajui namba ya gari mapema, lakini ya siku 10 unaweza kuinunua kwa simu ukiwa umesimama kwenye maegesho, funguo ziko mkononi. Kwanza uliza kama gari tayari inayo: yanayokodishwa ndani ya Austria kwa kawaida huwa nayo.

Brenner hulipiwa kando

Hapa ndipo watu wengi hushtuka. Vinyeti haifuniki barabara ya A13, kutoka Innsbruck kupanda mpaka kilele cha Brenner kwenye mpaka wa Italia. Kipande hicho kina tozo yake, karibu euro 12 kwa upande mmoja, na kibanda kikubwa kiko Schönberg. Hela hiyo inatunza miundo mikubwa ya barabara, likiwemo Europabrücke, daraja lililofunguliwa 1963 ambalo limeinuka mita 190 hivi juu ya bonde. Na hiyo pia unaweza kuilipia mtandaoni kwa ASFINAG kwa namba ile ile ya gari, halafu upite njia ya kamera bila kutafuta kadi. Wakati wa likizo mimi ningeilipia mapema bila kusita. Mbele yake kuna daraja la Lueg, ambalo tangu Januari 2025 limebanwa kuwa njia moja kila upande, isipokuwa siku zenye magari mengi. Panga muda wa kutosha.

Anayeshuka kwenda Ljubljana au Zagreb ana hesabu yake nyingine: vinyeti ya Austria, tozo ya mahandaki ya Tauern kwenye A10, tozo ya handaki la Karawanken, kisha vinyeti ya Slovenia, ambayo tangu mwisho wa 2021 ilianza kuwa ya kielektroniki na mwaka 2025 ilikuwa euro 16 kwa wiki. Slovenia ni wakali: faini inaanzia euro 300, ingawa ukilipa ndani ya siku nane unalipa nusu.

Uswisi ni rahisi kuielewa. Kuna vinyeti ya mwaka tu, faranga 40, stika au kidijitali, na handaki la Gotthard lenye kilomita 16.9 limo ndani ya bei hiyo. Kwa anayetoka Stuttgart kwenda Milano hiyo ndiyo njia yake. Kwa safari moja tu ya mwaka inauma kidogo, lakini hukutani na kibanda kingine mpaka uingie Italia.

Je, kuna pa kupita bure? Vipande vichache. Tangu Desemba 2019 barabara ya A12 kutoka mpakani hadi njia ya kutokea ya Kufstein-Süd haihitaji vinyeti, na vivyo hivyo A14 kutoka mpaka wa Ujerumani hadi Hohenems, kwa hiyo wa Lindau wanaokwenda Uswisi hawana haja ya kuilipa Austria. Kufika Italia kupitia Fernpass na Reschen bila kugusa barabara ya kasi kunawezekana, lakini ni milima na vijiji, na jimbo la Tirol hufunga njia za vijijini kwa wapita njia wikendi za likizo. Na watoto nyuma, sikushauri.

Ukishavuka Brenner huna cha kununua. Kwenye A22, barabara ya kasi ya upande wa Italia, unachukua tiketi kwenye mashine ukiingia, Vipiteno, na unalipa unapotoka. Njia yenye alama ya njano ya Telepass ni ya wenye kifaa chao, wewe tafuta alama ya kadi au ya noti. Ukiingia ya njano kwa bahati mbaya usirudi nyuma hata kidogo: bonyeza kitufe cha msaada, upewe karatasi ya deni na uilipe ndani ya siku 15. Ile tiketi nayo mpe abiria wa mbele aishike, maana ikipotea unatozwa kana kwamba umeanzia kituo cha mbali kuliko vyote.