Mafunzo ya Ujumbe wa Kampeni za Kura ya Maoni, Ganjoni: Historia Imeiva, Mazoezi Bado

Kampuni iliyoendesha mafunzo haya katika ukumbi wa kukodi huko Ganjoni, Mombasa, ilitangaza kuwa ingewafundisha wahamasishaji namna ya kushikilia ujumbe mmoja tangu kampeni zinapoanza hadi siku ya kupiga kura. Ahadi hiyo ilitimizwa nusu.

Kilichostahili ada ni somo la kura mbili za katiba nchini Kenya. Mwaka 2005, waliounga mkono rasimu walipewa alama ya ndizi na waliopinga wakapewa chungwa. Mkufunzi alionyesha kwa ufasaha jinsi chungwa lilivyowakusanya watu wenye malalamiko mbalimbali bila kuwalazimisha wakubaliane juu ya kila ibara, hata likashinda kwa takriban asilimia 58. Mwaka 2010, kambi ya La, yaani ya waliopinga, iliyopewa rangi nyekundu, ilizungumza kwa ndimi nyingi: viongozi wa makanisa walishikilia Mahakama za Kadhi, zinazoamua mambo ya Waislamu kama ndoa na mirathi, na utoaji mimba, ilhali William Ruto na wenzake walisisitiza ardhi. Kijani, rangi ya waliounga mkono, kikapita kwa zaidi ya thuluthi mbili ya kura. Hata hivyo, naona mkufunzi aliupa ujumbe sifa kupita kiasi, kwa kuwa Kibaki na Raila, waliopingana mwaka 2005, walisimama jukwaa moja mwaka 2010, na jambo hilo halikutajwa hata mara moja.

Mfano wa kura ya Uingereza ya mwaka 2016 ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya ulipitiwa harakaharaka, wala sikuona hasara.

Udhaifu mkubwa uko kwenye kijitabu cha mazoezi, kinachoagiza maneno yaleyale yatamkwe kila mahali. Msemaji wa La ambaye angeyapeleka Mji wa Kale wa Mombasa, wenye Waislamu wengi, maneno yaliyoandaliwa kwa ajili ya waumini wa makanisa ya Eldoret angeulizwa mara moja kuhusu makubaliano ya mwaka 1963 juu ya ukanda wa Pwani, yaliyohakikisha kuendelea kwa Mahakama za Kadhi, na kijitabu hakimpi jibu lolote. Msimamo ndio unaopaswa kubaki uleule. Hoja za kuutetea lazima zimjue msikilizaji. Tulipouliza, tulijibiwa kwamba kijitabu kilitayarishwa Nairobi.

Mahamri na chai ya tangawizi havikuwa na kasoro. Kwa mwanafunzi wa siasa au mwandishi wa habari, siku ya kwanza inatosha. Anayeandaa kampeni hapa Pwani aombe kwanza kukiona kijitabu, kisha ndipo alipie siku ya pili.