Hamira ya dukani kama kifaa cha maabara: nyota nne, ila chunga maji ya Arusha

Pakiti ya hamira kavu ya gramu 11, ile ya maandazi, inapatikana karibu kila duka la Moshi na Arusha. Hapa tunaipima kwa kazi nyingine: kuwaonyesha wanafunzi wa kidato cha tano na sita jinsi seli hai inavyosukuma protoni, yaani ioni za hidrojeni zinazofanya maji yawe asidi, kuvuka utando wake.

Utando wa nje wa seli ya hamira una pampu inayotumia molekuli moja ya ATP, ile inayobeba nishati ndani ya seli, kutoa protoni moja. Seli yenye njaa ikipata glukosi, pampu huamka na maji yanayoizunguka huwa asidi. Protoni zilizorundikana nje ni kama bwawa la mfongo, ule mfereji wa umwagiliaji wa Wachaga, lililojazwa usiku: zikirudi ndani zinafanya kazi. Maltosi, kwa mfano, huingia ndani ya hamira ikiongozana na protoni.

Wengi huharibu mwanzoni kabisa. Hamira iliyokaushwa utando wake umesinyaa. Ukiiloweka kwa maji baridi, na asubuhi ya Julai Arusha maji ya bomba ni baridi kweli, utando huvuja kabla haujajikunjua, na utando unaovuja haushiki protoni. Tumia mililita 100 za maji ya nyuzi 35 hadi 40, nyunyiza pakiti nzima juu, subiri dakika 10 ndipo ukoroge. Kisha acha seli zituame, mwaga maji ya juu, rudia mara mbili. Usiruke hatua hii: hamira nyingi za papo kwa papo zimetiwa kiungo E491 (kiunganishi cha mafuta na maji) na hutoa povu, na uchafu wa seli zilizokufa huvuruga vipimo. Baada ya kuosha, iache saa moja bila sukari.

Sasa maji. Maji mengi ya Arusha hupita kwenye miamba ya volkano na hubeba bikaboneti pamoja na floridi. Bikaboneti humeza protoni zinazotoka, pH, yaani kipimo cha uasidi kinachoshuka asidi ikizidi, haisogei, na mwalimu anadhani hamira imekufa. Tumia maji yaliyotoneshwa. Yale ya kuongezea betri yanayouzwa vituo vya mafuta yanafaa, mradi usome chupa vizuri, maana asidi ya betri nayo hukaa rafu hiyohiyo.

Weka mililita 50 za hamira iliyooshwa kwenye bika, ongeza gramu 0.37 za kloridi ya potasiamu, soma pH. Potasiamu ina maana yake: protoni ikitoka na chaji chanya, lazima chaji nyingine chanya iingie, la sivyo umeme wa utando huizuia pampu mapema. Kisha tia gramu 1 ya glukosi na usome kila dakika kwa robo saa. Kwa kawaida pH huanzia kati ya 5 na 6 na kushuka kuelekea 4. Bluu ya bromothimoli, kiashiria cha rangi, haifai hapa kwa sababu rangi yake hubadilika kati ya 6.0 na 7.6. Tumia kipima pH kilichosawazishwa kwa baferi (vimiminika vyenye pH inayojulikana) za 4 na 7.

Mwanafunzi mjanja atasema ni kaboni dioksidi tu, na ana haki ya kuuliza. Chuja sampuli, pulizia hewa kwa pampu ya tangi la samaki dakika 10, pima tena. pH isiporudi ilikoanzia, gesi peke yake haitoshi kuwa maelezo. Weka pia bika la hamira iliyochemshwa dakika 5, hilo lisishuke.

Nyota moja tunaikata kwa sababu hii: pampu hii hutumia ATP, wakati wazo la mwanabiokemia Peter Mitchell la 1961, lililompa Nobel ya kemia mwaka 1978, lahusu upande wa pili, protoni zinazorudi na kuzungusha kinu kinachotengeneza ATP ndani ya mitokondria, viungo vya seli vinavyozalisha nishati. Na hamira yenye glukosi tele huchacha tu, mitokondria zake zikipoa. Kwa kinu chenyewe itabidi uchore ubaoni.

Hamira ya kupima, ile ya mfuko uliokwisha kufunguliwa, iachie waoka mikate.