Hesabu za Desemba, mizania ya Juni: huduma ya ofisi moja ya uhasibu Dar es Salaam

Ofisi yenyewe ni ya wastani: CPA (mhasibu aliyethibitishwa) mmoja, wasaidizi wanne, chumba kimoja kilichojaa mafaili katikati ya jiji. Jina linaachwa, maana ugonjwa wake ndio wa ofisi nyingi za ukubwa huo. Kazi iliyolipiwa ilikuwa kuandaa hesabu za mwaka ulioishia 31 Desemba za kampuni ya vifaa vya ujenzi yenye wafanyakazi 12, kuzipeleka kwa mkaguzi wa nje, na kuwasilisha ritani ya mapato kwa Mamlaka ya Mapato (TRA). Mafaili yalipokelewa wiki ya pili ya Februari. Rasimu ya kwanza ya mizania ilitoka 19 Juni, siku 11 kabla ya 30 Juni, mwisho wa kuwasilisha ritani. Ritani iliwahi, lakini mkaguzi alifanya kazi yake mbiombio.

Haki yao wapewe: ritani za kila mwezi hazikuchelewa hata mara moja. PAYE (kodi ya mishahara), SDL (tozo ya mafunzo ya ufundi) na kodi ya zuio ziliingia kabla ya tarehe 7, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kabla ya tarehe 20. Ila humo humo ndimo ucheleweshaji unamozaliwa. Watu wanaojaza ritani za mwezi ndio haohao wanaofunga hesabu za mwaka. Tarehe 1 hadi 7 hakuna anayegusa faili lako, na kuanzia 14 hadi 20 ni vivyo hivyo. Kinachobaki, ukiacha siku chache za katikati, ni siku kumi za mwisho wa mwezi, na Machi hizo nazo zinaliwa na makadirio ya kodi ya mwaka ya wateja wote. Mteja anayepiga simu tarehe 5 anaambiwa "tunamalizia bosi". Piga tarehe 21, asubuhi.

Faili lilikwama zaidi kwenye usuluhishi wa kibenki, yaani kulinganisha leja na taarifa ya benki, na chanzo kilikuwa lipa namba, namba ya duka ya kupokea malipo ya simu. Chukua mauzo ya siku moja ya shilingi 1,180,000, yote kwa simu. Ripoti ya Z, jumla ya siku ya mashine ya risiti za kodi (EFD), inasema 1,180,000. Leja ya mauzo inatakiwa isome 1,000,000, kwa sababu 180,000 ni VAT, kwa asilimia 18 iliyotumika kwenye hesabu hizo. Benki, baada ya fedha kuhamishwa na makato kutolewa (tuseme asilimia 1, yaani 11,800), inaonyesha 1,168,200, tena siku mbili baadaye na ikiwa imechanganywa na mauzo ya kesho yake. Karani wa dukani alikuwa anaandika kilichoingia benki kama mauzo. Hapo VAT imepotea ndani ya mapato, makato hayajaonekana kama gharama, na mauzo ya leja hayalingani na ya EFD kwa mwezi wowote kati ya 12. Kuyanyoosha mwishoni mwa mwaka ni kurudia siku baada ya siku kwa kutumia taarifa za mtandao wa simu. Dawa yake ni ndogo mno: kila mwezi pakua taarifa ya lipa namba pamoja na ya benki, uzipeleke zote mbili. Wengi hupeleka ya benki tu.

Stoku lilikuwa kosa la mteja, na hilo lisemwe. Hakuna aliyehesabu mali 31 Desemba. Ikahesabiwa Februari na kurudishwa nyuma kwa hesabu: chukua stoku ya siku hiyo, ongeza gharama ya vilivyouzwa tangu Januari, toa manunuzi ya kipindi hicho. Inawezekana, ila kila kitu kiwe kwa bei ya kununulia. Karatasi ya kwanza ilikuwa na saruji kwa bei ya rafuni, yaani faida ambayo haijapatikana bado. Kosa la ofisi ni kutouliza karatasi ya stoku mpaka Mei, ilhali ndiyo kitu cha kwanza mkaguzi anachodai. Ankara za gari na kompyuta nazo ziliulizwa mwezi huohuo, wakati bila tarehe na bei ya kununulia huwezi kukokotoa uchakavu wa kikodi: kompyuta asilimia 37.5, samani 12.5.

Namna ya kuuliza ndiyo iliyokera zaidi. Maswali 31 yalikuja kwa WhatsApp kwa muda wa wiki saba, moja moja, mengine kwa sauti. "Hii 3,400,000 ya Agosti ni ya nini?" Baada ya siku tisa, jingine. Orodha moja yenye tarehe, kiasi na jina la aliyelipwa ingejibiwa kwa siku tatu. Ofisi yoyote inayojua kazi ina orodha hiyo; kama haikupi, idai.

Na ukiulizia maendeleo, usiulize "imefikia wapi". Omba vitu vitatu vinavyoonekana: urari (orodha ya masalio ya akaunti zote) ulivyo leo, usuluhishi wa benki wa 31 Desemba, na salio la akaunti ile wanakotupia miamala isiyojulikana. Kama salio la benki kwenye urari halifanani na la taarifa ya benki, na hakuna karatasi inayoeleza tofauti, kazi bado mbichi hata wakuambie nini. Akaunti ya yasiyojulikana ikiwa na milioni 18, ujue hayo ndiyo maswali ambayo bado hujaulizwa.

Hasara ya kuchelewa haiko kwenye faini peke yake, ingawa nayo inauma: inahesabiwa kwa mwezi au sehemu ya mwezi, kwa hiyo siku moja ni sawa na mwezi mzima. Hasara kubwa ni fedha taslimu. Kampuni ilikuwa imekadiria faida ya milioni 40. Hesabu zikaonyesha 65. Tofauti ya milioni 25 kwa asilimia 30 ni milioni 7.5, za kulipwa ifikapo 30 Juni, achilia mbali riba ya kukadiria chini. Kuzitafuta kwa siku 11 si sawa na kuzitafuta kwa miezi mitatu. Halafu makadirio ya mwaka mpya yalishawasilishwa Machi, gizani, bila kujua mwaka uliopita umeishaje.

Kitu kingine cha kuangalia kabla hujafikiria kuhama: akaunti ya kampuni kwenye mfumo wa TRA ilisajiliwa kwa barua pepe na simu ya msaidizi wa ofisi. Namba za uthibitisho zinakwenda kwake. Badilisha kwanza hiyo, kisha omba nakala ya data ya programu ya uhasibu, Tally au QuickBooks, leja na vielelezo vyako. Karatasi zao za kazi ni zao, lakini risiti zako ni zako. Deni la ada lilipwe, maana mhasibu mpya atamwandikia wa zamani kabla ya kupokea kazi, na hapo ndipo watu hushikana mashati. NBAA, bodi inayosimamia wahasibu, inapokea malalamiko, ila uende na barua ya makubaliano yenye tarehe. Barua ya ofisi hii ilikuwa na ada tu, bila tarehe hata moja.

Ritani za mwezi: 4.5 kati ya 5. Hesabu za mwaka: 2. Ukibaki nao, gawa malipo: asilimia 40 mwanzoni, 30 urari na orodha kamili ya maswali vikitoka kabla ya 31 Machi, 30 mkaguzi akisaini. Walikubali mpangilio huo bila ubishi, ila waliomba Machi isomeke Aprili.