Ghorofa ya Pili Imefufuka, Ila Taa Huzimwa Mapema

Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikiingia katika jengo hili la maduka, si mbali na Barabara ya Digo mjini Mombasa, nikinunua nilichokifuata ghorofa ya chini na kuondoka, kwa kuwa juu hapakuwa na kitu ila milango ya chuma yenye kufuli na harufu ya vumbi. Nakumatt, kampuni ya maduka makubwa ya Kenya, ilipofungwa kabisa mwaka 2020, Kenya nzima iliona jinsi jengo linaloegemea duka moja kubwa linavyobaki gofu siku duka hilo likifa. Humu nako, mpangaji mkubwa alipohama, wateja wa ghorofa nzima walihama naye.

Mwezi uliopita nilipanda tena. Ile nafasi kubwa imegawanywa kwa mbao ikawa vibanda vya mafundi na wachuuzi, ambao, kama alivyonieleza mmoja wao, hawakudaiwa gudwili, yaani fedha za kupewa chumba mbali na kodi, bali kodi ya mwezi peke yake. Uamuzi huo naupongeza kwa dhati, kwa maana gudwili ndiyo inayomzuia mama mwenye mtaji mdogo kupata mlango mjini, hali chumba kitupu hakimwingizii mwenye jengo hata shilingi.

Kibanda kilichonikalisha ni cha fundi wa leso. Leso huuzwa doti nzima, vipande viwili vikiwa bado vimeungana, na anayenunua Mtaa wa Biashara huenda nayo nyumbani akiwa bado ana kazi ya kuikata na kuipinda. Fundi huyu aliitandaza yangu mezani, akainyoosha kwa kiganja, akaikata katikati bila kuyumba, na kabla sijamaliza kikombe cha kahawa chungu pindo zote nne zilikuwa zimeshonwa. "Shika, mwanangu," akaniambia, "hii hata uifue mara ngapi haitoi uzi." Kahawa yenyewe huuzwa hapo hapo kando ya ngazi, palipojengwa baraza ya saruji kama zile za Mji wa Kale, na wazee wameshaizoea.

Lifti bado ni mbovu, na ngazi zimejificha nyuma ya duka la simu bila kibao chochote. Lakini kasoro inayoniuma ni saa za kazi. Joto la Mombasa huwaweka watu ndani mchana, wakatoka kununua vitu baada ya magharibi, na mwezi wa Ramadhani baada ya tarawehe. Ghorofa hii hufungwa saa kumi na mbili jioni. Nikiwa bado barazani, mlinzi alianza kuzima taa mstari mmoja baada ya mwingine, na mama mmoja akafika juu akihema, mkononi ana mfuko wa leso tatu za harusi ya kesho yake. Fundi alikuwa ameshaifunika cherehani.