Vitabu vya kununua kabla vuli haijashika kasi

Vuli ya Dar es Salaam haina adabu. Mvua inaanza watu wakiwa kwenye daladala, umeme unakatika chakula kikiwa jikoni. Kitabu cha msimu huu kinatakiwa kukuvumilia: ukikiacha katikati leo, kesho ukishike tena bila kupotea. Hicho ndicho kipimo nilichotumia kuvipanga hapa.

Namba moja naipa Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka 1999. Walioikuta kidato cha tano na sita wataguna, maana waliisoma wakisaka dhamira na wahusika ili wafaulu mtihani. Isome sasa, hudaiwi jibu na mtu. Yasmin, binti mdogo, anaozwa kwa Bwana Raza aliyemzidi umri mbali. Anamtoroka, jamaa zake wanamfungia mlango, na anayempokea ni Mwajuma wa Ng'ambo, mtaa wa mjini Zanzibar. Kisha anaingia Denge, kijana anayesakwa na makachero wa Mwingereza, na hapo usingizi unaruka. Kama uliona filamu ya Amil Shivji ya 2021, bado nunua. Mambo ya Ng'ambo hayaenei kwenye saa mbili.

Ya pili ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Gurnah alipata Nobel 2021, ila mimi naisifia tafsiri hii kwa Kiswahili chake: kimetulia, kina harufu ya pwani. Yusuf anachukuliwa na mfanyabiashara anayemwita Ami Aziz, kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Safari ya msafara kwenda bara ni ndefu, hivyo iwekee mwisho wa wiki wenye mvua ya kutwa. Imeshika nafasi ya pili kwa sababu hiyo tu.

Kwa anayesoma kwa vipande vipande, Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ya 1960. Maiti inakutwa mzimuni, na Bwana Msa anakuja na kiko chake kufumbua fumbo. Umeme ukikatika, ni raha zaidi.

Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) ni fupi na rahisi kubeba. Karama yuko kizimbani katika nchi iliyo angani, akijitetea kwa visa vya wajumbe sita. Ukikatishwa kisa, unapoteza kimoja tu.

Nagona ya Euphrase Kezilahabi naiweka mwisho, na najua nitagombana na watu. Ni kijitabu, lakini wembamba wake usikudanganye: ukiinua kichwa kumjibu mtu, umeshapotea. Isubiri likizo.

Kuhusu kununua: vya mtumba vya barabarani ni nafuu, na vile vilivyotumika shuleni huja na mistari ya kalamu nyekundu chini ya kila methali. Hilo navumilia. Nisilovumilia ni nakala za kudurufu. Mwaka juzi niliuziwa moja njiani. Nilipofika patamu, kurasa kumi na sita hazikuwepo, na gundi iliyobaki iliachia kwa unyevu kabla Desemba haijaisha. Kabla hujatoa pesa, pitisha kidole kwenye namba za kurasa hadi mwisho, na uvute jalada kidogo. Muuzaji akinuna, rudisha kitabu. Na uende na mfuko mgumu usiopitisha maji wa kukibebea, maana mkoba wa kitambaa haukingi mvua ya Posta.