TAHADHARI: Canter ya Dar "injini haijafunguliwa", msije mkalizwa kama mimi

Wakuu, niko gesti Ilula, nguo zinanuka oili. Nimepigwa. Milioni 26, na mnaonijua mnajua zimetoka wapi, habari ya lile shamba sitaki kuianza upya.

Kabla hamjaniuliza "hukuwa na fundi?", nilikuwa naye. Tumefika Jumatano asubuhi, tunaikuta Canter imeshawashwa, inanguruma taratibu mbele ya geti. Dalali anasema mzee ndiyo kwanza ametoka nayo kununua maji. Nikaona bahati, hatupotezi muda. Bahati! Mzee mwenyewe akatoka, akatuwekea viti, ikaja kahawa na kashata. Akanishika mkono asiuachie. Nyumbani wapi? Njombe. Akacheka: "Wabena! Nimekaa nao Makambako, watu waaminifu sana." Hapo ndipo nilipolegea. "Mwanangu, injini hii haijafunguliwa tangu itoke bandarini. Naiuza kwa ajili ya ada za wajukuu." Akanionyesha picha zao kwenye simu. Sasa mtu anakuonyesha wajukuu, wewe utamwambia nifungulie rejeta nichungulie?

Fundi wangu akapiga resi, moshi hakuna, akasema injini hizi za 4D33 hazifi. (Tutaongea naye, asijifiche.) Tukaizungusha mtaani nusu saa, mshale wa joto umelala chini kabisa. Nikajisemea, hii inapoa vizuri.

Nimetoka Dar saa tisa usiku kukwepa foleni. Chalinze safi. Morogoro chai. Mikumi nikatembea sabini kama sheria inavyotaka. Ruaha Mbuyuni nikanunua gunia la vitunguu nimpelekee mama, nikapiga picha nimeegemea bodi. Mliiona, mkanipongeza. Ifuteni.

Kupanda mlima wa Kitonga nikashusha gia mpaka ya pili. Kona ya tatu mshale ukanyanyuka, sijapata hata pa kuegesha ukagonga mwisho, malori ya Zambia nyuma yananipigia honi, mara puu! Mpira wa juu wa rejeta umepasuka, mvuke mpaka ndani ya kabini. Tingo akaruka na jiwe akaliweka kwenye tairi. Madereva wa malori wakatugawia maji yao ya kunywa, Mungu awalipe. Kuvutwa mpaka hapa Ilula, laki tatu na nusu.

Fundi wa hapa kafungua mbele yangu. Hedi, kile kichwa cha juu cha injini, ina ufa uliochomelewa. Thermostati, kile kidude kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, hakuna, waliing'oa ili mjini mshale usipande. Rejeta imeziba kwa ule unga wa kuzuia kuvuja. Oili nzito kama asali, ndiyo iliyokuwa inaficha moshi. Haijafunguliwa? Imefunguliwa kuliko mlango wa choo cha stendi!

Dalali hapokei. Mzee kapokea mara moja, kanijibu kwa upole uleule: "Gari liliondoka zima, mwanangu." Na mkataba nimeusaini mwenyewe, "limeuzwa kama lilivyo". Polisi nitakwenda hivyo hivyo. Watu hawa wafungwe, na wakitoka wapandishwe Kitonga na gari lao wenyewe, mizigo tani nne, mwezi mzima. Mzee mzima na mvi zake!

Mnaotafuta gari: ukikuta limeshapata moto, ondoka, kesho tokea alfajiri bila kupiga simu. Liwashe baridi, na kifuniko cha rejeta kifunguliwe kabla halijawashwa, uone kama maji yanatoa mapovu. Mpira wa juu ukiwa mgumu dakika mbili tu baada ya kuwasha, kimbia. Kuna na mambo ya kifuniko cha oili, hewa ikitoka kwa nguvu, fundi atawaeleza, mimi kichwa kinauma. Na kahawa yake msinywe.

Mwenye hedi nzima ya 4D33, isiyochomelewa, Iringa au Makambako, anijibu hapa. Mama bado hajui. Vitunguu vimekwenda kwa fundi, ndiyo malipo ya leo.