"Upepo huo, dada": breki za Land Rover yangu na gereji moja ya Moshi

Mtu akikuelekeza kwenye ile gereji ya uzio wa mabati, mwulize kwanza umemkosea nini.

Gari langu ni Series III fupi ya marehemu baba. Breki za ngoma kote, na masta silinda moja, yaani ile inayosukuma mafuta ya breki, inalisha magurudumu yote manne, kwa hiyo ikigoma umebaki na breki ya mkono na sala. Miezi kadhaa iliyopita nilikuwa nashuka kutoka Marangu kwenda Himo, nyuma ya fuso la ndizi. Nikakanyaga breki, nikashikilia, pedali ikaanza kushuka polepole chini ya kiatu kama mguu ulioingia matopeni. Nikaachia, nikakanyaga tena, ikapanda. Nikashikilia, ikazama. Himo nilifika kwa gia namba mbili, mgongo umeloa.

Mkuu wa gereji hata hakuinama. "Upepo huo, dada," yaani hewa imeingia kwenye mafuta ya breki. Wakatoa upepo, nikalipa. Baada ya siku mbili tatu hali ileile. Wakatoa tena, nikalipa tena. Safari ya tatu nikamwambia: kaka, mafuta kwenye kikopo hayapungui, magurudumu ni makavu kwa ndani, chini ya pedali pakavu, huo upepo unaingilia wapi? Akawageukia wenzake: "Jamani, tumepata fundi mpya!" Wakacheka. "Gari za wazee ndivyo zilivyo. Pampu mara mbili, utafika."

Pampu! Pedali ikiwa laini kama sponji na ukipampu inapanda, sawa, shuku upepo, au breki shuu, zile zinazobana ngoma, zinataka kukazwa. Yangu ilikuwa ngumu kwa juu, ukishikilia inazama. Hapo raba za masta zimechoka, mafuta yanazipita ndani kwa ndani na nje huoni hata tone. Kulijua hilo hakutaki spana: kanyaga, tulia, hesabu mpaka 30. Nusu dakika walikosa, ya kucheka walikuwa nayo.

Tena kila walipotoa upepo waliikandamiza pedali mpaka sakafuni. Masta ya zamani ina kutu kule mbele ambako kwa kawaida raba hazifiki. Ukizisukuma huko zinachanika. Kwa hiyo wao ndio walioniharibia. Au labda zilikuwa zimeshakwisha, siwezi kuapa. Ila baada ya mara ya pili ilizama haraka kuliko mwanzo.

Aliyeniokoa ni kijana wao wa kuosha vipuri. Alinifuata getini, kwa sauti ya chini: "Shikamoo dada. Hiyo masta. Usibadilishe raba peke yake, kama ndani imeliwa na kutu zitakatika tena. Chukua nzima." Jumapili akaja kuifunga nyumbani, akakaza breki shuu gurudumu kwa gurudumu, akatoa upepo kuanzia gurudumu la mbali zaidi, huku akinikataza kukanyaga mpaka chini. Juzi nimeshuka Marangu tena. Pedali jiwe.

Nisiwadhulumu: springi walinifungia vizuri, na bei haikuuma. Kwa springi nendeni. Hapana, msiende, kicheko kile bado nakisikia. Mimi mwenyewe nitarudi mara moja tu, jeki yangu imebaki pale uani.